Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Ukaguzi wa Majengo Lamu: Mngepiga Hodi

Kwa Waheshimiwa Wakuu mnaosimamia ukaguzi wa majengo katika mji wetu wa Lamu,

KUH: KUINGIA NYUMBANI MWETU BILA ILANI, NA ALAMA NYEKUNDU UKUTANI

Assalaamu alaykum.

Nawaandikia hadharani kwa sababu kwa siri nimeshindwa. Barua yangu ya kwanza niliileta ofisini kwenu kwa mkono wangu, ikagongwa mhuri wa kupokelewa, karani akaniambia nirudi baada ya wiki. Nikarudi. Ya pili nayo ikagongwa mhuri. Safari ya tatu nikaambiwa mhusika yuko semina Mombasa, na ya nne kwamba faili haionekani. Nakala zangu zenye mhuri ninazo, zimo katika sanduku la mama pamoja na karatasi za nyumba, na yeyote kati yenu akitaka kuziona ataonyeshwa.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nyumba yetu iko mtaa wa Mkomani, ni nyumba ya mawe ya ghorofa moja juu, tuliyoirithi kwa baba aliyeirithi kwa babake. Baba amefariki mwaka huu, na siku ninayoisimulia hapa mama alikuwa amekaa eda. Nadhani sihitaji kumweleza mtu wa Lamu maana yake, lakini kwa kuwa baadhi ya maafisa wenu wametoka mbali, nitasema: ni miezi minne na siku kumi ambazo mjane hutulia nyumbani mwake, na wanaume wasio maharimu wake (jamaa asioweza kuolewa nao) hawaingii alipo.

Yaliyotokea ni haya. Jumatano asubuhi, saa tatu kasorobo, nilikuwa sokoni pale kando ya ngome nikichagua samaki, changu. Nyumbani alikuwepo mama, msichana wetu wa kazi aliyekuwa juu ya dari akianika nguo, na mjukuu wangu wa miaka 9 ambaye siku hiyo hakwenda chuo cha Kurani wala shule kwa sababu ya homa. Mlango ukagongwa, mtoto akafungua. Wakaingia wanaume watatu: mmoja na karatasi za kujaza, mmoja na simu, wa tatu na bisibisi na kopo la rangi ya kupuliza. Hawakungoja dakani, kibarazani nje ya mlango, wala tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia. Walipanda ngazi, wakakata kiwanda (ua wa ndani), wakapita msana wa tini na msana wa yuu (kumbi ndefu za chini na za juu), mpaka ndani kabisa, ambako mama alikuwa ameketi kichwa wazi akichana nywele. Mama ana miaka 76. Kanga yake ilikuwa mbali, akajifunika kwa mkeka aliokuwa ameukalia.

Niliporudi na kikapu changu nilimkuta bado ameushika ule mkeka. Alichoniambia ni maneno haya tu: “Mwanangu, wangiye na ziatu mpaka ndani.” Yaani wameingia na viatu.

Sasa nataja malalamiko yangu moja moja.

1. Hamkutoa ilani.

Hakuna barua iliyofika kwetu, hata siku moja kabla. Aliyewafungulia ni mtoto, na mtoto wa miaka 9 hana mamlaka ya kuruhusu nyumba ya mamake bibi yake ikaguliwe. Kufungua mlango si kutoa ruhusa. Sisi huku hata ndugu hupiga hodi mara tatu, asipojibiwa anageuka anakwenda zake.

Na nyumba za Lamu zilijengwa kwa hodi hiyo. Waliozijenga waliweka daka nje ili mpita njia apumzike bila kuingia, wakaweka tekani ili mgeni asimame asione kitu, wakaweka sabule ya kumlaza mgeni mwanamume mbali na watu wa nyumba, kisha wakapanga misana mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja umeinuka kidogo kuliko uliotangulia, ili kadiri unavyozidi kuingia ndivyo uzidi kuwa mtu wa karibu. Nyumba yote ni ngazi za ruhusa. Mji huu uliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na wageni hulipa nauli za ndege kuja kuusifu mpangilio huo. Maafisa wenu waliupita kwa dakika moja.

Tuache mila, tuje kwenye sheria, maana najua mtaniambia mila haifungi ofisi. Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, na jambo la kwanza inalolitaja ni kutopekuliwa mwili wake, nyumba yake au mali yake. Sitadanganya kwamba haki hii haina mpaka. Haimo miongoni mwa zile chache ambazo Kifungu cha 25 kinakataza kabisa kuguswa. Lakini Kifungu cha 24 kinasema haki hupunguzwa kwa sheria tu, na kwa kiasi cha busara. Karatasi za kujaza si sheria. Kisha Kifungu cha 47 kinataka kila hatua ya utawala iwe halali, ya busara na ifuate utaratibu wa haki, na Sheria ya Haki katika Hatua za Utawala ya 2015 ikafafanua: mtu ambaye hatua hiyo yaweza kumgusa haki zake apewe kwanza taarifa ya kutosha ya kinachokusudiwa na sababu zake, na apewe nafasi ya kusema. Sisi tulipewa nini?

Hata polisi anayemtafuta mwizi, chini ya Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, kwa kawaida huenda kwa hakimu akaapa, akapewa hati ya upekuzi, na hati hiyo hutumika kati ya kuchomoza na kuzama kwa jua isipokuwa mahakama iseme vingine. Mama yangu hakuiba kitu.

2. Hatujui waliingia kwa kazi gani.

Mtoto aliambiwa wamekuja kuangalia maji. Msichana wa kazi, aliposhuka, aliambiwa ni mambo ya kodi. Jirani yetu aliyewauliza nje walimjibu kwamba wanatafuta majengo mabovu. Hakuna aliyeonyesha kitambulisho cha kazi, na hakuna aliyeacha hata kijikaratasi chenye jina.

Jambo hili si dogo kama linavyosikika, kwa sababu kila mamlaka ya kuingia ina kazi yake na mipaka yake. Afisa wa afya, chini ya Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, anaweza kuingia saa zinazofaa kutafuta kero inayodhuru afya. Akiipata, anamwandikia mwenye nyumba ilani ya kuiondoa, na mwenye nyumba asipotii ndipo shauri liende mahakamani. Afisa wa mipango ana sheria yake ya 2019. Wa makavazi ana yake ya 2006. Aliyekuja kwa mbu hana haja ya kujua idadi ya vyumba vya kulala, na aliyekuja kwa ukuta hana haja ya kufunua birika, hodhi la maji ya nyumba. Asiyesema amekuja kwa lipi amejipa yote.

3. Waliuliza wasiyopaswa, wakapiga picha.

Walimuuliza msichana wa kazi warithi ni wangapi, nani yuko ng’ambo, kama kuna hati, na kama familia ina ugomvi. Ugomvi! Kifungu hicho hicho cha 31 kinakataza habari za familia na mambo ya binafsi ya mtu kudaiwa au kufichuliwa pasipo haja. Picha zilipigwa mpaka chumba cha mama. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka anayekusanya habari za mtu amweleze anazikusanya kwa madhumuni gani na atampa nani. Picha hizo ziko kwenye simu ya nani leo? Ni simu ya ofisi au ni yake mwenyewe?

4. Bisibisi.

Yule wa tatu alidunga lipu ya zidaka, vile vishubaka vya nakshi ukutani, akisema anapima kama ukuta ni mzima. Ukuta wa matumbawe na chokaa haupimwi hivyo, fundi yeyote wa mji huu angemwambia: unaugonga kwa kifundo cha kidole, unasikiliza. Kipande cha nakshi ukubwa wa kiganja kikaanguka. Nimekitia kwenye bahasha. Nina uchungu nalo kwa sababu ya pekee. Miaka michache nyuma, baba alipotaka kutengeneza ukuta huo huo kwa saruji, alikatazwa, na alikatazwa kwa haki, kwani mji huu unalindwa na Sheria ya Makavazi ya Taifa na Turathi ya 2006, na saruji huzuia chokaa kupumua. Akaomba kibali, akangoja, akamtafuta fundi wa chokaa, akalipa mara mbili. Mwenye nyumba haruhusiwi kugusa ukuta wake bila kuuliza, na afisa anautoboa kwa bisibisi bila salamu.

5. Alama ya X.

Hapa nitakaa kidogo.

Walipotoka walipuliza X nyekundu ukutani, kando ya baraza, na tarakimu tatu chini yake. Niliikuta mbichi, imechuruzika mpaka kwenye baraza yenyewe. Kila Mkenya anajua X nyekundu ukutani inasema nini: tingatinga laja. (Huku Mkomani tingatinga litapita wapi, wakati punda wawili wakikutana mmoja lazima arudi nyuma, hilo ni swali jingine.) Kufikia adhuhuri mtaa mzima ulikuwa unauliza yavunjwa lini. Wazee wanaokaa barazani kwetu baada ya Alasiri, kama walivyokaa zama za baba, siku hiyo walihamia ng’ambo ya njia.

Siku ya tatu akaja dalali. Kijana mstaarabu, nguo safi. Akasema amesikia nyumba ina matatizo na serikali, na kwamba anaye mteja wa kununua haraka kabla mambo hayajaharibika. Bei aliyoitaja sitaiandika hapa, ila ilikuwa chini ya nusu ya ile tuliyotajiwa marehemu akiwa hai. Mnajua, waheshimiwa, nyumba ngapi za Mkomani zimekwisha kutoka mikononi mwa wenyewe. Simtuhumu mtu kwamba alimtuma. Nasema kwamba alama yenu ilimfungulia njia, na kwa familia yenye deni la hospitali ingetosha.

Tena X si ilani. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inasema jinsi ya kumwambia mtu kwamba amejenga kinyume: anapewa ilani ya utekelezaji inayoeleza kosa na linalotakiwa, na asiporidhika ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ya kusikiliza rufaa za mipango (Liaison Committee), nayo kamati ina siku 30 za kuamua. Mimi siku 14 zangu nizihesabu tangu lini, na rufaa niikate dhidi ya nini? Dhidi ya rangi?

Najua majibu mtakayonipa, kwa sababu mengine nimekwisha kuyasikia dirishani kwa karani.

Mtasema ni kwa ajili ya afya. Katika hili tuko pamoja kuliko mnavyodhani. Mwaka 2004 homa ya chikungunya ilipotuingilia, watu wengi wa mji huu walilala, na mimi nilikuwa mmoja wao. Viungo viliniuma hata chaki sikuweza kuishika. Mbu wale walizaliana katika maji tuliyoyaweka wenyewe majumbani wakati wa ukame. Wazee wetu walitia samaki wadogo kwenye birika ili wale viluwiluwi, na sisi tulikuwa tumeanza kuwasahau. Kwa hivyo njooni mtazame birika. Njooni mtazame shimo la choo. Lakini birika letu liko kando ya kiwanda, na kulifikia hakuhitaji kupita chumba cha mama.

Mtasema nyumba kongwe huanguka na makuti huwaka. Kweli tupu. Moto ukishika makuti upande wa mtaa wa Langoni hakuna gari la zimamoto litakalopita vichochoroni, na boriti iliyooza haimsubiri mtu. Panapokuwa na hatari ya saa hiyo hiyo, moto au ukuta unaoporomoka, ingieni, vunjeni hata mlango, hakuna atakayewalaumu. Jumatano ile saa tatu kasorobo hapakuwa na moto wala ufa.

Mtasema tangazo lilibandikwa kwenye ubao. Nilikwenda kuuangalia ubao huo. Kuna tangazo la zabuni, la mbuzi aliyepotea, na la mkutano uliokwisha kupita.

Mtasema jirani zangu hawakulalamika. Wamelalamika kwangu. Kwenu wanaogopa, kwa kuwa baadhi yao wana vibali vya nyumba za wageni vinavyosubiri sahihi ya ofisi hiyo hiyo.

Na mmoja wenu, huyu simsahau, aliniambia: “Kama hamna mnachoficha, mwaogopa nini?” Nilikuwa nimeudhika, sikumjibu. Namjibu sasa. Tunachoficha tunacho: ni mama. Tunaficha kitanda alichofia baba, nguo zake ambazo hatujazigawa, na kichwa cha mwanamke mzee anapochana nywele. Ndiyo maana kukajengwa kuta.

Mpwa wangu anayesoma sheria chuo kikuu alinionyesha kisa cha Marekani ambacho sikukitarajia. Mjini San Francisco, mwaka 1963, mkaguzi wa nyumba alimwendea mpangaji aitwaye Roland Camara, akitaka kuingia bila hati ya mahakama. Camara akakataa, akajiwa tena, akakataa tena, mpaka akashtakiwa. Mwaka 1967 Mahakama ya Juu ya nchi yao ikaamua kwamba mtu hawezi kuadhibiwa kwa kumdai mkaguzi hati. Wakati huo huo ikasema hati ya ukaguzi isiwe ngumu kupatikana: hakimu aweza kuitoa hata kwa sababu ya hali ya mtaa mzima, na penye dharura haihitajiki. Uamuzi huo hauwafungi ninyi. Nimeutaja kwa sababu karani wenu aliniambia kazi ya ukaguzi haiwezekani ikiwa kila mwenye nyumba atadai karatasi. Kumbe imewezekana, tena katika mji mkubwa kuliko huu mara nyingi.

Ninayoyaomba si mengi.

Kabla ya kuja, leteni barua ya siku 7, yenye majina ya wanaokuja, sheria wanayoitumia na sehemu ya nyumba wanayotaka kuiona. Waje na vitambulisho, waje wakati mwenye nyumba yupo, na katika kundi lao awepo mwanamke, maana nyumba nyingi za mji huu mchana zina wanawake pekee. Wangoje dakani mpaka waitwe. Picha zipigwe za kile walichokuja kukikagua tu. Na kabla hawajaondoka mwenye nyumba apewe nakala ya walichoandika, atie sahihi au aandike asichokubaliana nacho. Mwenye nyumba akikataa, nendeni mahakamani. Hakimu akiamuru, nitawafungulia mwenyewe na viti nitatoa.

Kwa upande wa nyumba yetu, naomba picha za chumba cha mama zifutwe na nithibitishiwe kwa maandishi. Naomba niandikiwe ile X ilikuwa na maana gani na nani aliagiza, na ombi hili nalifanya chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ambayo inawapa siku 21 kujibu. Zikipita, nitapeleka malalamiko yangu kwa Ombudsman, ofisi inayopokea malalamiko dhidi ya watumishi wa umma, na ikibidi mahakamani. Kidaka kitengenezwe na fundi wa chokaa kwa gharama yenu. Fundi nitawatajia mimi. Na alama ile ifutwe, si kwa kupakwa rangi nyeupe juu yake, kwani nyekundu itachomoza tena mvua za masika zikinyesha. Ikwanguliwe, ipigwe chokaa upya.

La mwisho ni la mama, nami nililileta katika barua zote mbili: anataka mmoja wenu aje amwombe radhi. Si lazima awe mkubwa. Eda imekwisha sasa, anaweza kupokea wageni, na atawapikia kahawa.

Nipo nyumbani kila siku baada ya Alasiri isipokuwa Ijumaa. Mkiwa hamuijui nyumba, mtu yeyote wa Mkomani atawaelekeza. Siku hizi wanaiita nyumba ya X.

Wenu katika ujenzi wa mji,

Binti wa mwenye nyumba,
Mkomani, Lamu